Mama alibeba mimba yangu mwaka wa unga wa yanga, 1974. Ndiyo sababu mimi mnene na mdogo wangu mwembamba?

#1 MwalimuWaKongwa
Wakuu, habari za jioni. Msinicheke mpaka mmalize kusoma.

Nimezaliwa Agosti 1975, Kongwa. Urefu mita 1.60, uzito kilo 97. Mdogo wangu wa kike, mama mmoja baba mmoja, kazaliwa 1979: mita 1.62, kilo 61. Tumekula sinia moja mpaka naondoka nyumbani kwenda chuo cha ualimu. Na mlaji ni yeye! Akija kwangu sufuria inaisha na mwili hauongezeki hata kidogo. Mimi sukari niliacha 2016, chipsi sigusi, shuleni naenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nikipunguza kilo sita kwa miezi minne, zinarudi kwa miezi miwili, na zinakuja na wageni.

Juzi binti yangu anayesoma baiolojia chuo, mwaka wa pili, kanieleza kitu kinaitwa epijenetiki. Anasema mama akipigwa njaa mimba ikiwa changa, mtoto huwekewa alama juu ya jeni zake, na mwili unaishi umejikunyata kama njaa bado ipo: kila kinachoingia kinawekwa akiba. Nikakumbuka mama husema mimba yangu aliibeba mwaka wa njaa, ule wa unga wa yanga.

Inawezekana njaa ya 1974 ndiyo inayosomeka kwenye mizani yangu leo? Au mwanangu ananifariji tu?

#2 KibokoYaVitambi
Mwalimu, kwa heshima zote, kila mnene humu "hali". Chukua daftari, andika siku saba kila kinachopita mdomoni, pamoja na kile cha kuonja chumvi jikoni. Jeni haijawahi kukaanga maandazi.

#3 SimbaWaKkoo
Kumbe Yanga ilianza kutesa watu toka 1974. Nimeishia hapo, mengine nitasoma kesho.

#4 Mwananchi_Daima
#3 uliza wazee. Ule ulikuwa unga wa mahindi ya njano, wa msaada. Watu walipona kwa Yanga. Msimbazi mlipeleka nini Dodoma?

#5 Chembehai
Tuache mpira kidogo. Niko maabara ya vinasaba, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitakuwa mrefu.

Binti yako kakueleza vizuri, ila kaharakisha mwisho. Seli ya ini na seli ya ngozi yako zina DNA ile ile, herufi kwa herufi. Tofauti ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Kinachofunga ni alama za kemikali. Iliyochunguzwa zaidi ni methili: kikundi kidogo, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachobandikwa juu ya herufi C, yaani sitosini. Ikibandikwa kwenye lango la jeni, mara nyingi jeni hiyo inanyamaza. Kuna pia histoni, protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani, zikikaza, hapasomeki.

Tunazionaje? Unaitia DNA dawa ya bisulfaiti. Herufi C isiyo na methili inageuka, yenye methili inabaki ilivyo. Ukisoma baada ya hapo, zilizobaki ndizo zilizokuwa na alama. Vibao vilivyotumika katika tafiti nyingi za unene vinasoma sehemu kama 450,000, vipya kama 850,000. Jumla ya sehemu za aina hiyo kwa binadamu ni kama milioni 28. Tunachungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo.

Na mtu mmoja, Mwalimu, hawezi kupimwa akaambiwa "wewe ni njaa ya 1974". Hicho kipimo hakipo.

#6 SalimMaskati
Ahsante Chembehai. Mie si mtu wa maabara, nimesoma chuo cha Kurani Unguja tu, lakini nimefahamu hivi: ni kama maandishi ya Kiarabu yasiyotiwa irabu. Herufi ni zile zile tatu, kaf, ta, ba. Ukitia irabu hizi ni *kataba*, kaandika. Ukitia nyengine ni *kutiba*, kimeandikwa. Nyengine tena ni *kutub*, vitabu. Herufi ni jeni, irabu ndiyo hiyo epijenetiki yenu. Nimekosea, yakhe?

#7 Chembehai
#6 mfano wako naubeba, wanafunzi wangu watausikia Jumatatu.

#8 MsomajiTu
Hii elimu ni mpya sana, imegunduliwa 2003 kwa panya wa Marekani. Tusiiamini haraka.

#9 Nyuki_Rotterdam
#8 jina lenyewe ni la 1942, alilitunga Conrad Waddington, Mwingereza. 2003 ni mwaka wa majaribio ya Waterland na Jirtle, nadhani ndiyo unayokusudia.

Mwalimu, mimi naishi Uholanzi, na swali lako lina historia nzito huku. Wanaita Hongerwinter, majira ya baridi ya njaa. Vita vinakaribia kwisha, Wajerumani wakafunga njia za chakula kwenda miji ya magharibi: Amsterdam, Rotterdam, Den Haag. Kuanzia Novemba 1944 posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, kisha ikawa kati ya 400 na 800. Watu walichemsha vitunguu vya maua ya tulipu wakala. Zaidi ya 20,000 walikufa. Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikarudi mara moja.

Ndiyo maana watafiti wanaipenda, Mungu anisamehe kwa neno hilo. Ilianza ghafla, ikaisha ghafla, na daftari za wakunga zipo. Unajua kabisa mtoto huyu alipata njaa akiwa na miezi mingapi tumboni.

1976 wakachambua kumbukumbu za vijana 300,000 waliopimwa jeshini wakiwa na miaka 19. Waliopata njaa nusu ya kwanza ya mimba, wanene walikuwa wengi zaidi. Halafu 2008 timu ya Heijmans ikapima damu ya watu 60 waliotungwa mimba katikati ya njaa ile, kila mmoja akilinganishwa na ndugu yake wa tumbo moja, wa jinsia moja, ambaye hakuipata. Yaani wewe na mdogo wako! Jeni iitwayo IGF2, ya ukuaji wa mtoto tumboni, ilikuwa na methili pungufu kwa kama asilimia 5. Miaka sitini baadaye, alama bado ipo.

#10 MwalimuWaKongwa
Nyuki, nimesoma nikasimama, nikakaa tena. Asante sana mwanangu.

#11 MbebaZege
Kwa hiyo waliozaliwa wakati wa njaa wote wanene. Uzi ufungwe, Mwalimu hana kosa.

#12 Nyuki_Rotterdam
#11 usifunge. Utafiti ule ule wa 1976: waliopata njaa miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, wanene walikuwa *wachache* kuliko kawaida. Njaa ile ile, mwezi tofauti, jibu kinyume. Na waliopimwa tena wakiwa na miaka 50, wanawake waliopata njaa mimba ikiwa changa walikuwa wazito kuliko wenzao. Wanaume haikuonekana hivyo.

#13 Kamba_wa_Machakos
Mwanamke, miaka 50, mimba changa. Wueh! Mwalimu ni kama wamekuchora.

Lakini tuhesabu miezi. Agosti 1975 ukirudi nyuma tisa unapata Novemba 1974. Dodoma mvua huanza Desemba, mavuno Aprili kwenda mbele. Novemba hadi Februari ghala ni tupu hata mwaka mzuri. Na 1974 haukuwa mwaka mzuri. Hesabu inaingia vizuri mno mpaka naiogopa.

#14 Chembehai
Kamba umenena la maana hapo mwisho. Niseme yanayonikera kwenye hadithi hii, ingawa naipenda.

Kwanza, tofauti ya IGF2 ni ndogo, na hakuna aliyeonyesha kwamba *hiyo* ndiyo iliyowanenepesha. Ni alama kwamba njaa ilipita, kama kovu la ndui: linakuambia ulipona ndui, halikuambii kwa nini unachechemea.

Pili, na hili ndilo kubwa, nani alitangulia? 2017 ulitoka utafiti mkubwa katika jarida la Nature, watu zaidi ya 10,000, Ulaya na Waasia wa Kusini waishio London. Walipata sehemu 187 ambazo methili yake inaendana na uzito. Wakatumia jeni za kurithi kama kamba ya kufuatia nyayo, maana jeni unazaliwa nazo, haziwezi kuletwa na unene. Jibu: kwa sehemu nyingi, unene ndio ulioweka alama, si alama zilizoleta unene.

Tatu, tunapima damu kwa sababu mkono unatolewa kirahisi. Unene hauishi kwenye damu, uko kwenye mafuta, ini, na ubongo unaosema "ongeza". Ni kama kutaka kujua kilichopikwa jikoni kwa kunusa sebuleni.

#15 KibokoYaVitambi
#14 ahsante, ndicho nilichosema #2 kwa maneno machache. Unanenepa kwanza, alama baadaye.

#16 Chembehai
Hapana Kiboko, usinibebe mgongoni. Alama zikishawekwa zinaweza kufanya kazi yake. Novemba 2024 timu ya Zürich ilitoa matokeo ya mafuta ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Miaka miwili baadaye, uwiano wao wa uzito na urefu umeshuka kwa robo au zaidi, seli za mafuta bado zilikuwa na usomaji wa jeni wa zama za unene. Wakaenda kwa panya: waliokondeshwa bado walikuwa na alama, na walipopewa tena chakula cha mafuta walinenepa haraka kuliko wenzao ambao hawajawahi kuwa wanene. Kwa binadamu kasi hiyo haijathibitishwa, lakini seli ya mafuta inaishi kama miaka kumi hivi. Kumbukumbu inakaa.

#17 MwalimuWaKongwa
Kilo zangu sita na wageni wao. Sasa naelewa kwa nini wageni wanaijua njia.

#18 ShangaziBahati
Mimi nalia na upande mwingine. Kila kitu mama, mama, mama. Mama alikula, mama hakula. Nina watoto watatu, wawili wanene, na nimeshaambiwa na mama mkwe, mganga, na nesi kwamba kosa ni tumbo langu. Sasa na sayansi nayo? Baba alikuwa wapi?

#19 Chembehai
Yupo, shangazi. 2016 watafiti wa Copenhagen walilinganisha mbegu za wanaume wanene na wembamba: alama zilitofautiana, hasa karibu na jeni za ubongo zinazohusika na hamu ya kula. Kisha wakawafuata wanaume sita kabla na baada ya upasuaji wa tumbo, na alama za mbegu zikabadilika. Kama zinamfikia mtoto ni swali jingine, maana baada ya yai kurutubishwa alama nyingi hufutwa kama ubao wa darasani.

#20 SimbaWaKkoo
Nimerudi. Kwa hiyo kitambi changu kiko mpaka huko?? Nafuta akaunti.

#21 ShangaziBahati
#19 naprinti hiyo post, nabandika mlango wa friji.

#22 Mrundi_Montréal
Salamu kutoka kwenye theluji. Hapa Quebec kuna kisa kizuri kumsaidia Mwalimu. Wapo akina mama waliozaa wakiwa na unene mkubwa sana, wakafanyiwa upasuaji wa matumbo, wakapungua, wakazaa tena. Tumbo moja, mama mmoja, jeni zile zile za kugawana. Watoto waliozaliwa baada ya upasuaji walikuwa wembamba zaidi, na insulini yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya kaka na dada zao wakubwa. 2013 wakapima methili, ikatofautiana katika maelfu ya jeni. Kwa hiyo tumbo linaandika kitu, hata bila njaa.

Nyingine ya hapa: Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme, watu wakakaa gizani siku nyingi, wengine wiki kadhaa. Watoto waliokuwa tumboni wamefuatwa tangu hapo. Mama aliyepata shida kubwa zaidi, mtoto alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa, na methili zao zilitofautiana. Hapo si chakula, ni shida yenyewe.

#23 MzeeWaOperesheni
#22 umenigusa. Vijana mnasema njaa, njaa. 1974 haikuwa njaa peke yake. Ilikuwa operesheni vijiji! Mwalimu Nyerere alikwisha sema Novemba 1973 kuishi vijijini ni amri. Kwetu nyumba ya mama iliezuliwa tukiwa ndani, mtama tukauacha shambani. Nakumbuka mbuzi tu ndio waliofurahi. Mwanamke mwenye mimba changa kuhamishwa hivyo, moyo unapiga, usingizi hakuna. Halafu ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona. Mkitaka kupima alama, pimeni na hiyo.

#24 MwalimuWaKongwa
Shikamoo mzee. Hilo mama hajawahi kunisimulia. Nitampigia Jumapili.

#25 Mpwa_Tanga
Mie naomba tuseme ukweli mchungu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2010 uliwakuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza asilimia 22. Wa 2015-16 ukakuta 28. Miaka mitano! Bibi zetu wote walipata njaa miaka hiyo? Kilichobadilika ni chipsi mayai kila kona, soda, mafuta ya kupimiwa, na bodaboda hadi mlangoni. Kenya nao 2014 walikuwa 33. Mkiwa mnatafuta alama kwenye jeni, karai liko barabarani linachemka.

#26 Kamba_wa_Machakos
#25 ni kweli, lakini haijibu swali. Karai liko barabarani kwa wote. Kwa nini Mwalimu ananenepa na mdogo wake hanenepi? Unaongelea mafuriko, yeye anauliza kwa nini nyumba yake pekee imeingiwa na maji.

#27 Mpwa_Tanga
Jeni za kawaida basi, za kurithi. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye uzito kati ya asilimia 40 na 70. Ndugu wa kawaida wanagawana nusu tu. Mwalimu kachukua za shangazi, mdogo kachukua za mjomba. Si lazima tumsumbue 1974.

#28 MsomajiTu
Na FTO? Nimesoma ndiyo jeni ya unene.

#29 Chembehai
Ndiyo maarufu, 2007. Mwenye nakala mbili za herufi yake ya unene huwa mzito kwa kama kilo tatu kuliko asiye nayo. Kilo *tatu*. Mwalimu na mdogo wake wanatofautiana kilo 36.

#30 Daktari_wa_Zamu
Napita kati ya wagonjwa, samahani kwa ufupi. Mwalimu: umepima tezi ya shingo? Unatumia dawa gani? Usingizi ukoje, unakoroma? Sindano za uzazi wa mpango zamani? Hayo yaangaliwe kabla ya kuilaumu 1974.

Na la pili. Mdogo wako anakula sana na haongezeki. Amewahi kupima sukari?

#31 MwalimuWaKongwa
Daktari, tezi walipima mwaka jana wakasema sawa. Presha natumia dawa. Nakoroma, nasikia, mimi sijawahi kujisikia. Mdogo wangu mzima kabisa, huyo ana nguvu za kuchota maji ndoo mbili mbili.

#32 MsomajiTu
Tukirudi kwa panya wangu wa 2003. Mnawadharau bure. Panya wa njano mnene na panya wa kahawia mwembamba, jeni sawa, kilichotofautisha ni mama kupewa virutubisho: foliki, B12, kolini na betaini. Picha zao ndizo zilizoniingiza kwenye mambo haya. Kwa hiyo wajawazito wakila foliki, watoto hawatanenepa?

#33 Chembehai
Hapo ndipo watu wanapoteleza. Panya wale wana kipande cha ajabu kilichojibandika karibu na jeni ya agouti, na methili ikikifunga, rangi na uzito vinabadilika. Binadamu hana kipande hicho mahali hapo. Foliki kwa mjamzito ni muhimu sana, tena ianze kabla ya mimba, lakini sababu ni uti wa mgongo wa mtoto. Asiinywe kwa ajili ya kitambi cha miaka 40 ijayo.

Waterland mwenyewe baadaye alikwenda kutafuta kwa binadamu, na alikokwenda ni Afrika: Keneba, Gambia. Kule kijijini kuna majira mawili, ya mvua na kazi nyingi na chakula haba, na ya kiangazi baada ya mavuno. Watoto waliotungwa mimba majira ya mvua walikuwa na methili tofauti kwenye sehemu fulani na wale wa kiangazi. 2014 wakaonyesha inaendana na virutubisho vilivyokuwa kwenye damu ya mama karibu na siku za kushika mimba. Hilo kwangu lina uzito kuliko panya, na linafanana na Kongwa kuliko Amsterdam. Ila hawakuonyesha kwamba watoto hao walinenepa.

#34 SalimMaskati
Nami nilisikia kisa cha Sweden, kijiji cha kaskazini, njaa ya babu ikawaletea wajukuu kisukari.

#35 Nyuki_Rotterdam
Salim, Överkalix, lakini umeishika kinyume. Ni *shibe* ya babu. Babu mzaa baba akipata mavuno makubwa akiwa mtoto, kabla ya kubalehe, wajukuu wake walikufa zaidi kwa kisukari. Na ni daftari za mavuno na vifo tu. Methili haikupimwa kwa babu, alishazikwa.

#36 SalimMaskati
La haula! Basi sisi huku Ghuba tumekwisha. Mie babu yangu karafuu, mie biriani. Wajukuu zangu nawaombea dua.

#37 KCMC_sio_mimi
Mmesahau ya nyumbani. Kilimanjaro, yametoka 2025 katika Nature Medicine: vijana wa kiume 77 wazima. Wa kijijini wakabadilishiwa chakula cha asili wakapewa cha kizungu kwa wiki mbili. Wa mjini wakapewa cha kijijini. Kundi la tatu wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja. Waliohamia soseji na chipsi waliongezeka uzito na damu ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani, yaani kinga kuwaka mwilini. Wa chakula cha asili na wa mbege zikapungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baadaye.

#38 MbebaZege
Kundi la tatu waliwapataje? Mimi sikuona tangazo.

#39 SimbaWaKkoo
#38 wewe ungeharibu utafiti siku ya kwanza.

#40 Chembehai
#37 kizuri, ila ni kinga na protini za damu, si methili za unene, na ni wiki chache. Unaonyesha mwili unabadilika haraka. Swali la Mwalimu ni kama mwili unakumbuka kwa miaka 50.

#41 MwalimuWaKongwa
Wakuu, nimempigia mama. Ana miaka 74, kumbukumbu zake ni za chuma.

Nikamuuliza: mama, Novemba 1974 ulikuwa unakula nini? Akacheka. Anasema Novemba hakuwa Kongwa. Alikuwa Kilosa kwa kaka yake aliyekuwa reli, wanakula wali na kambale mpaka wanasaza. Nikaishiwa nguvu, na uzi wote huu!

Nikauliza, ulikwenda lini? Anasema, "Nilikimbia njaa mwanangu, nilikuwa nimeshaanza kutapika." Nikamwambia basi hapo ulikuwa na mimba tayari. Akasema, "Au ilikuwa malaria." Unga wa yanga alianza kuula aliporudi, Februari au Machi, tumbo linaonekana. Kuhusu operesheni akanyamaza, akasema hayo tutaongea nikienda.

#42 Kamba_wa_Machakos
Hesabu yangu ya #13 imekufa kifo cha kikatili.

#43 Nyuki_Rotterdam
Si lazima. Kama alikimbia njaa, basi siku za kushika mimba zilikuwa ndani ya njaa, kisha shibe ya ghafla Kilosa. Uholanzi waliotungwa mwishoni mwa njaa walifanana hivyo: mwanzo haba, kisha chakula. Kuna wanaosema kinachoumiza ni huko *kutofautiana*, mwili kujiandaa kwa ukame ukakuta mafuriko.

#44 Mpwa_Tanga
#43 na angekuwa Kilosa miezi yote tisa ungesema "wali na kambale viliandika alama". Nadharia inayoshinda kila mechi mimi naitilia shaka.

#45 Nyuki_Rotterdam
Hahaha, hapo umenipiga chenga.

#46 MzeeWaOperesheni
Mama yako akinyamaza, usimlazimishe. Mpelekee kitenge kwanza.

#47 MdogoMtu79
Hamjambo. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye yule wa kilo 61. Binti wa dada kanitumia.

Dada hajawaambia, kwa sababu hajui: mwaka juzi nilikuwa kilo 74. Yeye yuko Kongwa, mimi Singida, tunaonana Krismasi na misiba, na mimi huvaa magauni mapana. Nimekuwa nakula kama mchwa, maji nakunywa ndoo, usiku naamka mara nne. Nilifurahi kupungua, nikasema maombi yamejibiwa.

Niliposoma swali la Daktari #30 nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Leo asubuhi kabla ya chai nimekwenda duka la dawa wakanitoboa kidole. Sukari 13.4. Dada wa pale akarudia, 13.1.

#48 Daktari_wa_Zamu
Dada, hiyo kabla ya kula ni kubwa. Nenda hospitali leo hii, usingoje Jumatatu. Wapime damu tena na mkojo. Ukianza kutapika au kupumua kwa kasi, usikae foleni, ingia mapokezi useme. Mwalimu, na wewe kapime, ndugu wa damu.

#49 Chembehai
Pole dada, na asante kwa kuandika. Kwa upande wangu: kilo 36 nilizozishika #29 nazirudisha. Ni 23, na hata hizo sizijui tena.

#50 KibokoYaVitambi
Mwalimu, mimi daftari naliondoa. Kapimeni.

#51 MwalimuWaKongwa
Niko kwenye basi la Singida, nimepanda Dodoma. Mama amekataa kubaki, kasema kama ni mambo ya damu na yeye apimwe. Kakaa dirishani anakula karanga. Nitawaandikia tukifika.